Mwanafunzi Naye ni Mtunzi

Mwaka 2007 wanafunzi wanne wa sekondari nchini Marekani, wawili wa Virginia na wawili wa Arizona, waliifungulia kesi kampuni inayomiliki programu ya Turnitin. Shule zao ziliwataka wapitishe insha zao kwenye programu hiyo, ambayo hulinganisha kila insha na maandishi mengine mengi mno ili kubaini mahali palipochotwa kwa mtu mwingine. Ukaguzi ukiisha, insha ilihifadhiwa na kampuni ili za miaka ijayo zilinganishwe nayo. Kilichowauma wanafunzi ni huko kuhifadhiwa. Waliandika juu ya karatasi zao kwamba hawaridhii, wakazisajili katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, kisha wakaenda kudai fidia.

Walishindwa mara mbili, kwanza mwaka 2008, halafu katika rufaa mwaka 2009. Majaji walieleza kwamba kampuni haikuzitumia insha kwa kusomwa kama insha. Haikuzichapisha wala haikumpokonya mwandishi msomaji au mnunuzi. Ilizitumia kukamatia udanganyifu, na matumizi ya namna hiyo sheria ya Marekani inayaruhusu bila idhini ya mwenye kazi. Huitwa matumizi ya haki.

Kesi hiyo moja inamtosha mwalimu kufundishia pande zote mbili za hakimiliki. Upande wa kwanza, kijana anayeandika insha mezani kwao ana mali inayolindwa na sheria ileile inayomlinda mwandishi wa riwaya. Tangu sheria ya mwaka 1976 ianze kutumika, kazi hulindwa pale tu inapowekwa kwenye karatasi, kanda au kompyuta; usajili huhitajika anapotaka kwenda mahakamani. Upande wa pili, mali hiyo ina mipaka, na nje ya mipaka hiyo watu wengine nao wana haki zao. Mtoto akijua upande mmoja tu, atakuwa mwoga wa kutumia chochote au hatajali kazi ya mtu yeyote.

Shule za kati za Marekani, zile za darasa la sita hadi la nane, huwa na watoto wa miaka 11 hadi 14. Ni umri wa kuanza kutengeneza video, kuchora katuni za mashujaa wanaowapenda na kurekodi nyimbo za wengine kwa sauti zao. Kwa muda mrefu, umri huo ulifundishwa hakimiliki kwa vitisho.

Mwaka 1992 chama cha kampuni za programu za kompyuta kilitoa video ya muziki wa rap iitwayo Don't Copy That Floppy, ya kuwaonya watoto wasinakili disketi. Mwaka 2003 kampuni za muziki zilifungua kesi kwa mkupuo mmoja dhidi ya watu 261 waliotuhumiwa kugawana nyimbo kwenye intaneti. Miongoni mwa waliokumbwa alikuwemo binti wa miaka 12 wa New York, na mama yake alilipa dola 2,000 ili shauri liishe. Mwaka 2006 maskauti wa eneo la Los Angeles waliwekewa beji ya kuheshimu hakimiliki, mtaala wake ukiandaliwa kwa ushirikiano na chama cha studio kubwa za filamu. Mwaka huohuo shirika la Access Copyright la Kanada lilimzindua Captain Copyright, shujaa wa katuni mwenye kazi ya kuwafundisha wanafunzi kuheshimu kazi za watunzi. Wakosoaji wakahoji: mbona shujaa huyu hawaelezi watoto vya kutosha yale ambayo sheria inawaruhusu? Mapema mwaka 2007 shujaa aliondolewa.

Madhara ya mafunzo hayo yalionekana kwa walimu wenyewe. Mwaka 2007 watafiti watatu, Renee Hobbs wa Chuo Kikuu cha Temple pamoja na Peter Jaszi na Patricia Aufderheide wa American University, walitoa ripoti baada ya kuzungumza na walimu wengi wanaofundisha kuhusu vyombo vya habari. Walikuta makundi matatu. Wapo walioamua kutojua sheria kabisa, wakiamini kwamba asiyejua hana lawama. Wapo waliofunga mlango wa darasa na kufanya walitakalo. Na wapo waliojibana kupita kiasi, wakiwakataza wanafunzi hata mambo ambayo sheria inayaruhusu. Mwaka uliofuata watafiti hao walitoa mwongozo wenye misingi mitano, uliotokana na makubaliano ya walimu wenyewe juu ya kile wanachokiona kuwa matumizi ya haki darasani.

Mojawapo ya kazi za mwongozo huo ilikuwa kuvunja hekaya ya namba. Mwalimu mmoja atasema sekunde 30 za wimbo hazina tatizo, mwingine atasema asilimia 10 ya kitabu, wa tatu atasema maneno 250 ya shairi. Namba hizo hazimo katika kifungu cha 107 cha sheria ya Marekani, ambacho ndicho kinachotawala matumizi ya haki. Zilitoka kwenye miongozo iliyojadiliwa kando: mmoja wa mwaka 1976 kuhusu kunakili maandishi kwa ajili ya darasa, mwingine wa mwaka 1996 kuhusu kazi za wanafunzi zenye picha, sauti na video. Ule wa mwaka 1976 unasema wazi kwamba unataja kiwango cha chini ambacho hakina ubishi, wala si kikomo. Baada ya miaka mingi ya kurudiwa kwenye vikao vya walimu, watu wakaanza kuyachukulia makadirio hayo kama amri.

Sheria yenyewe haitoi namba kwa sababu ilizaliwa kutokana na hukumu za majaji. Mwaka 1841, jijini Boston, Jaji Joseph Story alisikiliza shauri la barua za George Washington. Mhariri mmoja alikuwa amezikusanya na kuzichapisha katika mabuku 12. Mwandishi mwingine akatunga kitabu kifupi zaidi cha maisha ya Washington kwa ajili ya wasomaji vijana, kurasa 353 kati ya 866 za kitabu chake zikiwa zimechotwa humo. Story aliamua kwamba amevuka mpaka. Alichoacha nyuma ni njia ya kupima: kuangalia lengo la aliyechukua, wingi na thamani ya alichochukua, na jinsi kinavyoathiri mauzo ya kazi ya kwanza. Miaka 135 baadaye Bunge la Marekani liliigeuza njia hiyo kuwa maswali manne ndani ya sheria.

Maswali yenyewe mtoto wa miaka 12 anayaelewa. La kwanza: kazi ya mwenzako unaitumia kwa lengo gani, na je, umeipa maana au kazi mpya? La pili: ni kazi ya aina gani, ya taarifa au ya ubunifu, imeshachapishwa au bado? La tatu: umechukua kiasi gani, na je, umechukua moyo wake? La nne: utamharibia mwenyewe soko? Hakuna swali linaloamua peke yake. Majibu huwekwa pamoja, na watu wawili wenye nia njema wanaweza kutofautiana.

Chukulia msichana wa darasa la saba anatengeneza video ya dakika nne kuhusu jinsi matangazo ya soda yanavyowavuta watoto. Amechukua sekunde 20 za tangazo moja. Anaisimamisha picha, anaonyesha rangi zilizotumika, anauliza kwa nini kila mtu aliyemo anacheka. Chini ya video nzima ameweka wimbo unaovuma redioni, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu unapendeza. Darasa linaulizwa: kati ya tangazo na wimbo, ni kipi chenye hatari?

Ni rahisi kukimbilia tangazo, maana lina mwenyewe mkubwa na msichana anamsema vibaya. Wakiyapitia maswali manne polepole, mambo yanageuka. Tangazo lilitengenezwa liuze soda. Yeye analitumia kufundishia. Amechukua kile anachokijadili tu. Kuhusu soko, kampuni inaweza kuchukia ukosoaji, lakini hakuna mtu atakayeacha kulitazama tangazo kwa kuwa ameliona kwenye video ya msichana. Wimbo ni habari nyingine. Lengo lake ndani ya video ni lilelile alilolikusudia mtunzi, yaani kuburudisha. Umechukuliwa mzima. Tena kuna watu wanaolipa leseni kuweka nyimbo kama huo kwenye video zao, kwa hiyo soko lipo na linaguswa. Msichana hahitaji kuitupa video yake. Anahitaji muziki mwingine. Anaweza kumwomba mwenzake anayepiga gitaa, au akatafuta wimbo wenye leseni ya Creative Commons, mfumo ulioanza kutoa leseni zake mwaka 2002 na unaomwezesha mtunzi kutamka mapema jinsi kazi yake inavyoweza kutumiwa.

Baada ya zoezi hilo, kesi za kweli zinaingia kwa urahisi. Mwaka 1979 jarida la The Nation lilichapisha takriban maneno 300 kutoka kumbukumbu za Rais Gerald Ford kabla kitabu hakijatoka. Kitabu kilikuwa na maneno yapata 200,000. Kwa hesabu za asilimia, kilichochukuliwa hakionekani. Lakini kilikuwa sehemu iliyosubiriwa kuliko zote, jinsi Ford alivyoeleza msamaha aliompa mtangulizi wake, Richard Nixon, na jarida jingine lililokuwa tayari kulipia dondoo likajitoa. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hayo hayakuwa matumizi ya haki. Mwanafunzi anayeuliza "ni asilimia ngapi?" anapata jibu lake hapo.

Kesi ya pili inaelekea upande mwingine. Kundi la 2 Live Crew liliuchukua wimbo wa Roy Orbison kuhusu mwanamke mrembo, likaugeuza kuwa dhihaka na kuuuza. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ilisema kwa kauli moja kwamba dhihaka ya aina hiyo inaweza kuwa matumizi ya haki hata kama inaingiza fedha, na kwamba hasara inayotokana na kukosolewa sio hasara ambayo sheria inaizuia.

Ya tatu inafaa kufundishwa kwa picha mbili ubaoni. Mwaka 1981 Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 msanii Andy Warhol aliitumia picha hiyo kutengeneza mfululizo wa picha za rangi. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni ya magazeti ililipa dola 10,000 kwa taasisi ya Warhol ili iweke mojawapo kwenye jalada. Goldsmith hakupata kitu. Mwaka 2023 majaji saba wa Mahakama ya Juu dhidi ya wawili walikubaliana na mpiga picha, kwa sababu picha yake na ile ya Warhol ziliuzwa kwa kazi moja, ya kumwonyesha Prince gazetini. Watoto waache wabishane. Majaji wawili walibisha pia, na kwa ukali.

Kuna jambo moja linalopaswa kutenganishwa mapema, maana linawachanganya hata watu wazima: kutaja chanzo na kuwa na ruhusa ni mambo mawili. Mwanafunzi anaweza kunakili tamthilia nzima ya Shakespeare bila kumwomba mtu, kwa kuwa hailindwi na hakimiliki. Akiandika jina lake mwenyewe juu ya tamthilia hiyo, amedanganya, ingawa hajavunja hakimiliki. Kinyume chake, kuweka filamu nzima ya mwaka jana mtandaoni na kuandika chini "sina haki na filamu hii" hakumwokoi mtu. Udanganyifu wa kitaaluma huamuliwa na shule, hakimiliki huamuliwa na mahakama.

Haya yote yatakuwa makavu kama mtoto hajaona kwa nini mtunzi alindwe. Kwa hilo hakuna kisa kinachozidi kile cha Solomon Linda. Mwaka 1939 Linda, Mzulu aliyekuwa akifanya kazi Johannesburg, aliingia studio ya Gallo pamoja na kundi lake la Evening Birds, wakarekodi wimbo wa Mbube, yaani simba. Santuri ilipendwa sana Afrika Kusini. Haki za wimbo Linda aliziuza kwa shilingi 10. Santuri ikavuka bahari, ikamfikia mwanamuziki Pete Seeger, na kundi lake la The Weavers likautoa Marekani kwa jina la Wimoweh. Mwaka 1961 kundi la The Tokens likautoa ukiwa na maneno ya Kiingereza, ukashika namba ya kwanza. Mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya The Lion King, ambayo watoto wa karibu kila darasa wameiona.

Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan alisimulia mkasa huo katika jarida la Rolling Stone, na binti za Linda waliokuwa wakiishi Soweto wakapata watetezi. Wakili wao, Owen Dean, alirudi kwenye sheria ya hakimiliki ya Dola ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika makoloni yake. Ilisema kwamba haki alizouza mtunzi akiwa hai zinarejea kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo. Kwa Linda hiyo ilikuwa mwaka 1987. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 pande zikakubaliana: familia ilipwe malimbikizo na sehemu ya mapato ya baadaye. Mwanafunzi aliyekisikia kisa hiki haulizi tena kama hakimiliki ni ya kampuni kubwa peke yake.

Kisha lije swali la nani anaweza kuwa mtunzi. Mwaka 2011, katika kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia, nyani mweusi alibonyeza kamera ya mpiga picha David Slater na kujipiga picha akiwa amekenua meno. Shirika la kutetea wanyama lilidai mahakamani kwamba picha ni ya nyani. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema mnyama hawezi kushtaki kwa sheria ya hakimiliki. Mwaka 2025 mahakama nyingine ya rufaa, jijini Washington, ilisema kazi iliyotungwa na akili unde peke yake haipati hakimiliki, kwa kuwa sheria inataka mtunzi awe binadamu. Mwanafunzi aliyeiagiza kompyuta imchoree simba na kujiona msanii ana la kufikiria hapo: yeye mwenyewe ameweka nini kwenye mchoro huo?

Mwalimu wa Nairobi, Dodoma au Unguja hawezi kulibeba somo hili lote kama lilivyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001, ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 na ya Zanzibar ya mwaka 2003 hazina maswali manne ya Marekani. Kenya na Tanzania Bara zinataja makusudi yanayoruhusiwa, kama kunukuu kwa ajili ya uhakiki au kuripoti habari, na tendo lisiloingia katika makusudi hayo linahitaji ruhusa. Muda nao unatofautiana: Marekani ni maisha ya mtunzi na miaka 70 baada yake, sheria za Kenya na Tanzania Bara ziliweka miaka 50. Mfano ni mwandishi Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, miaka ileile ya Solomon Linda. Kwa hesabu ya miaka 50, ulinzi wa maandishi yake Tanzania Bara uliisha pamoja na mwaka 2012. Darasa la huko linaweza kuigiza hadithi zake, kuzichorea vibonzo na kuzisoma kwa sauti kwenye video.

Hata hivyo maswali manne yanawahusu watoto wa Afrika Mashariki kwa njia moja ya moja kwa moja. Video wanazoziweka YouTube zinakaa kwenye mtandao wa kampuni ya Marekani, na zikilalamikiwa huondolewa kwa utaratibu wa sheria ya Marekani ya mwaka 1998. Utaratibu huo una mlango wa kujibu. Aliyeondolewa video anaweza kuandika ilani ya kupinga akieleza kwamba imeondolewa kimakosa. Mlalamikaji asipofungua kesi, video inarudishwa katika siku 10 hadi 14 za kazi. Ilani hiyo huandikwa chini ya kiapo na anayeituma hukubali kushtakiwa, kwa hiyo kwa mtoto wa miaka 13 ni mzazi au mlezi anayepaswa kuisoma na kuamua kama itumwe. Mwanafunzi aliyezoea kuandika majibu manne kwenye daftari kabla ya kupakia video atakuwa na kitu cha kumwonyesha mzazi huyo: alichukua nini, kiasi gani, kwa lengo gani, na kwa nini mwenye kazi hakupata hasara. Na akikuta video yake mwenyewe imepakiwa na mtu mwingine bila ruhusa, malalamiko anaweza kuyawasilisha yeye kwa utaratibu uohuo.